SOMO LA WIKI: Bei kuwa juu si bei kupanda

Mnunuzi wa kahawa akifunua grafu ya bei, kwanza hutazama bei imefika wapi. Hilo halitoshi. Faida na hasara yake hutegemea zaidi swali la pili: bei inaelekea wapi?

Grafu ya bei ni picha ya kile ambacho wanahisabati hukiita fankisheni: kila tarehe ina bei yake moja. Tarehe hupangwa kwenye mstari wa chini, bei kwenye mstari wa wima. Husomwa kutoka kushoto kwenda kulia, kwa kuwa siku hazirudi nyuma. Mchoro ukipanda, bei inapanda. Ukishuka, bei inashuka. Ukilala, bei imetulia.

Mfano ni kahawa ya arabika katika soko la New York, ambalo bei zake hufuatiliwa pia na wanunuzi wa minada ya Moshi na Nairobi. Mwanzoni mwa 1994 ratili moja iliuzwa chini ya senti 80 za Marekani. Jalidi ilipoharibu mibuni ya Brazil Juni na Julai mwaka huo, bei iliruka juu ya senti 200. Mwishoni mwa 1995 ilikuwa imerudi karibu na senti 100. Mei 1997 ilivuka senti 300, na Oktoba 2001 ilikuwa chini ya senti 50.

Mawimbi madogo yakiwekwa kando, jibu ni hili:

Ilipanda: mwanzo wa 1994 hadi katikati ya 1994, mwisho wa 1995 hadi Mei 1997.

Ilishuka: katikati ya 1994 hadi mwisho wa 1995, Mei 1997 hadi Oktoba 2001.

Hapa wengi hukosea. Hujibu kwamba bei ilishuka "kati ya senti 200 na 100". Hicho ni kiasi cha kushuka, si kipindi. Kipindi husomwa kwenye mstari wa tarehe. Mipaka yake ni vilele na mabonde, mahali ambapo mchoro hugeuka.

Sasa faida ya somo. Mwishoni mwa 1996 bei ilikuwa karibu senti 120. Mwishoni mwa 1998 pia ilikuwa karibu senti 120. Anayetazama kimo peke yake ataona hali moja. Lakini tarehe ya kwanza imo katika kipindi cha kupanda: miezi mitano baadaye bei ilivuka senti 300. Ya pili imo katika kipindi cha kushuka: aliyekopa kujaza ghala wakati huo na kungoja bei ipande alibaki na deni lisilopungua na mzigo unaozidi kupoteza thamani.

Tahadhari mbili. Grafu ya siku huonyesha mapanda-shuka mengi ambayo grafu ya miaka huyaficha. Mwenye kuuza ndani ya wiki mbili na mwenye kuweka akiba ya miaka hawapaswi kusoma grafu moja. Pili, mchoro huishia leo. Huonyesha bei ilikotoka, wala hauahidi kwamba kilele hakiko kesho.

Zoezi: chukua rula, isimamishe wima kwenye grafu yoyote ya bei na uisogeze taratibu kuelekea kulia. Kila mchoro unapogeuka, andika tarehe. Tarehe hizo ndizo mipaka ya vipindi.