Saipresi ya Dhahabu: Jinsi ya Kuikuza Maeneo Makavu

Vichaka vya saipresi vyenye majani ya rangi ya dhahabu hupamba nyua za nyumba, shule na makanisa mwaka mzima. Hata hivyo, katika maeneo yenye joto na ukame kama Kithyoko, miche mingi huweza kukauka mapema na pesa za mkulima zikapotea. Somo hili linaeleza namna ya kuepuka hasara hiyo.

Chagua aina ifaayo
Goldcrest ina umbo lililochongoka, na majani yake yakisuguliwa hunukia limau. Asili yake ni saipresi ya pwani ya California, Marekani, kwenye baridi na ukungu. Saipresi hiyo iliwahi kupandwa katika misitu ya Kenya, lakini ikaachwa kutokana na ugonjwa wa kuvu unaokausha matawi.

Thuja ya dhahabu ina umbo la yai, na matawi yake bapa husimama wima kama kurasa za kitabu. Asili yake ni China. Hukua polepole, lakini ikishashika mizizi huvumilia ukame. Hii ndiyo inayofaa Kithyoko.

Panda na mvua ya vuli
Ukambani, mvua ya Oktoba hadi Desemba hutegemewa zaidi kuliko ya masika.

1. Chimba shimo la futi mbili kila upande na uchanganye udongo na samadi iliyooza vizuri.
2. Ondoa mfuko wa plastiki na unyooshe mizizi iliyojizungusha.
3. Panda mahali penye jua. Kivulini, rangi ya dhahabu hugeuka kijani. Mche uliotoka kwenye kivuli cha kitalu uzoeshwe jua kidogo kidogo kwa wiki mbili.
4. Tandaza nyasi kavu, ukiacha nafasi ya upana wa kiganja kuzunguka shina ili mchwa wasilifikie.

Maji
Wakati wa kiangazi cha mwaka wa kwanza, mtungi mmoja wa lita 20 kwa wiki, ukimwagwa polepole, unafaa kuliko kikombe cha kila siku, kwa kuwa mizizi hufuata maji chini. Epuka maji ya kisima yenye chumvi. Huunguza ncha za majani.

Kupogoa na wadudu
Kata ncha za kijani pekee. Tawi likikatwa hadi sehemu ya kahawia isiyo na majani, halichipuki tena.

Kagua matawi ya ndani. Vidukari wa saipresi, walioonekana Malawi mwaka 1986 na kufika Kenya mwaka 1990, hufyonza utomvu na kuacha utando mweusi unaonata. Tawi hukauka kuanzia ndani. Wakiwa wachache, waoshe kwa maji ya sabuni.

Familia inayonunua maji kwa mtungi ianze na vichaka viwili, si ua mzima. Kwa ushauri zaidi, mwone afisa wa kilimo wa wadi yako kabla ya mvua kuanza.