Chaja ya Gari la Umeme Lililobadilishwa Nyumbani: Umeme Usihamie Kwenye Bodi

Mwaka 1967, huko California, Walter Laski alianzisha Electric Auto Association, chama cha wapenzi wa magari ya umeme, enzi ambapo aliyetaka gari la namna hiyo mara nyingi alilazimika kulitengeneza mwenyewe. Injini ya petroli iling'olewa, mota ikafungwa, na nyuma zikapangwa betri za asidi, mathalani 24 za volti 6, jumla volti 144. Siku hizi mafundi hutumia pia betri za lithiamu zilizotolewa kwenye magari ya Nissan Leaf au Tesla yaliyopata ajali. Kifaa kimoja kinastahili uangalifu kuliko vyote: chaja, kwa kuwa hapo ndipo umeme wa nyumba unapokutana na betri za gari.

Chaja salama zaidi ina transfoma ndani yake. Koili mbili zisizogusana hupitishiana nguvu kwa sumaku, kwa hiyo hakuna waya unaotoka soketini moja kwa moja hadi kwenye betri. General Motors ilipotoa gari la EV1 mwaka 1996 ilikwenda mbali zaidi: dereva alichomeka kibao cha plastiki chenye koili, na chuma hakikugusana na chuma.

Chaja isiyo na utengano huo ni nyepesi na rahisi, ndiyo maana imewavutia wengi. Ya hatari kupita zote ni daiodi chache tu zilizofungwa kati ya soketi na betri. Nchini Marekani, soketi ya volti 120 ikipitia daiodi hufikia kilele cha takriban volti 170, karibu na volti ambazo betri za 144 huzihitaji zikikaribia kujaa. Mchoro huo usinakiliwe Afrika Mashariki. Hapa soketi ni ya volti 230 au 240, kilele chake hupita 320, na betri hizohizo zitamiminiwa mkondo usio na kizuizi.

Hata pale volti zinapolingana, hatari nyingine hujijenga polepole. Ukungu wa asidi na vumbi hutanda juu ya betri na kufanya njia nyembamba ya umeme hadi kwenye chuma cha gari. Tairi ni mpira, kwa hiyo bodi haigusi ardhi na umeme huo hauna pa kwenda. Gari linaonekana zima kabisa. Kisha mtu aliyesimama peku kwenye udongo wenye maji anashika mlango, na mwili wake unakuwa ndio waya. Miliampea 10 tu zinaweza kukaza misuli ya mkono hadi mtu ashindwe kuachia. Kuanzia takriban 30, zikidumu, moyo uko hatarini.

Kwa sababu hiyo bodi lazima iungwe na waya wa ethi wa plagi, na soketi ilindwe na RCD, kifaa kinachokata umeme unapovuja. Ethi peke yake haitoshi. Ikiwa fimbo ya ethi iliyopigiliwa ardhini ina ukinzani wa omu 20, volti 230 zitapitisha ampea 11.5, na fyuzi ya ampea 13 haitakatika. RCD ya miliampea 30 itakata.

Hapa ndipo kosa la kuua hufanyika. RCD inakata kila chaja inapowashwa, mwenye gari anachoka, anaiondoa au anakata waya wa ethi, na chaja inafanya kazi bila usumbufu. Kifaa hicho kilikuwa kinamwambia ukweli kuhusu betri zake! Ajue pia kwamba mkondo mnyoofu (DC) unaovuja unaweza kuzipumbaza RCD za kawaida. Chaja isiyotengwa inahitaji RCD ya aina B.

Kutotenganisha kunawezekana pale gari linapojilinda lenyewe. Renault Zoe huchaji kwa kutumia koili za mota yake bila transfoma ya kutenganisha, lakini hupima ethi kwanza, na ikiikuta mbovu hugoma kuchaji. Chaja ya kuunganisha nyumbani kwa kawaida haina uangalizi huo, hivyo kipimo ni kazi ya fundi umeme. Kanuni ya R100 ya Umoja wa Mataifa inataka ukinzani kati ya betri na bodi uwe angalau omu 100 kwa kila volti ya mkondo mnyoofu, yaani omu 14,400 kwa betri za volti 144. Zikipungua, chaja ichomolewe, vifuniko vya betri vifungwe, na uchafu uoshwe kwa maji yenye magadi, fundi akiwa na glavu na miwani. Kisha apime tena zikikauka.

Betri za asidi hutoa hidrojeni zikichajiwa, nayo hulipuka ikifika asilimia 4 ya hewa, kwa hiyo gereji iwe wazi. Fyuzi za upande wa betri ziwe za mkondo mnyoofu, kwa kuwa cheche zake hazizimiki kirahisi. Waya wa ekstensheni ukunjuliwe wote. Baada ya saa moja ya kuchaji plagi ishikwe kwa nje: ikiwa moto, umeme uzimwe ukutani kwanza, ndipo ichomolewe, na soketi hiyo isitumike hadi ibadilishwe.