Mama, Mzigo na Mgongo: Kazi ya Kine ni Nini?



Kila siku ya kupima mimba tunasikia neno moja kwenye benchi. Si homa, si kikohozi. Ni mgongo. "Docta, mugongo iko inaniuma, munipe kidonge." Mama anapewa kidonge, maumivu yanapungua siku mbili. Siku ya tatu anarudi shambani, anaweka kamba kwenye kipaji cha uso, anapanda mlima na mihogo, na maumivu yanapanda pamoja naye. Kiisha mwezi mmoja yuko tena kwenye benchi anangojea kidonge kingine.

Somo la leo ni juu ya mtu ambaye wamama wengi hawamwendei, hata pale ambapo hospitali inaye. Tunamwita kine. Jina refu la kazi yake ni kinezitherapi, maana yake kuponya kwa njia ya kujongeza mwili. Kine hachomi sindano wala hapasuli. Anaangalia jinsi unavyosimama, unavyoinama, unavyobeba na unavyopumua, halafu anakufundisha mazoezi ya kurudisha nguvu mahali ilipopotea.

Watu wengi wanafikiri kine ni mtu wa kusugua na mafuta tu. Wengine wanasema, "Ule ni wa watu wa ajali ya moto na wacheza mpira." Kweli, timu kubwa za mpira hazisafiri pasipo kine. Mchezaji akianguka, kine anakimbia uwanjani mara moja. Lakini mchezaji anakimbia dakika 90, kiisha anaenda kuoga. Wewe unabeba kilo 30 au 40 kutoka shambani, mtoto tumboni, kesho tena, kesho kutwa tena. Nani anakimbia kwako?

Wamama waliopimwa pumzi

Elimu ya kine inatoka kwa watu waliopima mwili wa mtu wakati anapofanya kazi. Wanapima mapigo ya moyo, pumzi, na nguvu ya nyama za miguu. Pengine utafikiri wanapima wakimbiaji tu. Sivyo. Mara moja waliwapima wamama wabebaji mizigo, na si mbali na hapa.

Ilikuwa Kenya. Profesa Geoffrey Maloiy wa Nairobi, pamoja na wenzake kutoka ngambo, waliwachukua wamama wa Kiluo na wa Kikikuyu. Waluo wanabeba juu ya kichwa. Wakikuyu wanabeba mgongoni, kamba ikipita kwenye kipaji cha uso, sawasawa na wamama wetu wa huku Lubero. Wale wamama walitembea juu ya mashine yenye mkanda unaozunguka, mtu anatembea lakini haendi mahali, na walivaa kitu usoni cha kupima pumzi. Mtu anayetumia nguvu nyingi anavuta hewa nyingi. Kwa hiyo ukipima pumzi, unajua mwili unachoma chakula kiasi gani.

Walichokiona kilitangazwa mwaka 1986, na watu wa elimu walishangaa. Mama aliyezoea kubeba tangu utoto aliweza kubeba mzigo wa sehemu moja kwa tano ya uzito wake, na pumzi yake haikuongezeka hata kidogo. Ilikuwa kama anatembea mikono mitupu. Kupita hapo, nguvu zilianza kutumika: mzigo wa asilimia 30 ya uzito wake ulidai nguvu zaidi kwa asilimia 10, na mzigo wa asilimia 40 ulidai zaidi kwa asilimia 20.

Tuhesabu pamoja. Ukiwa na kilo 55, sehemu moja kwa tano ni kilo 11. Hiyo ni bidoni ya litri 10 iliyojaa maji. Bidoni ya litri 20 inafika karibu asilimia 40 ya uzito wako. Na mzigo wa kilo 40 wa mihogo au makala ni zaidi ya asilimia 70. Sasa unaona kwa nini binti anayeteka kwa bidoni ndogo anarudi akicheka, na wewe wa bidoni kubwa unafika nyumbani hutaki kusema na mtu.

Mwaka 1995 baadhi ya wale wale wataalamu walieleza sababu. Mwili unapotembea unapanda kidogo na kushuka kidogo kwa kila hatua, kama kamba ya mtoto ya kubembea. Mama aliyezoea mzigo anajua, pasipo kufundishwa na mtu, namna ya kutumia ule mbembeo ili hatua moja isukume hatua inayofuata.

Msifanye haraka kusema basi tumbebeshe tu, si wameonekana wana nguvu. Kuna wanaume watakaopenda sana sehemu hiyo ya somo! Mwaka 2010 wataalamu wengine walipima wamama wa Afrika ya Kusini wanaobeba juu ya kichwa. Wengine walitumia nguvu kidogo, wengine walitumia nyingi sana. Haikuwa sawa kwa wote. Na wengi walilalamika juu ya maumivu ya shingo. Tena, pumzi ni jambo moja na mifupa ni jambo lingine. Ile mashine ya Kenya ilipima pumzi. Haikupima mgongo wa mama mwenye mimba ya miezi minane, wala kizazi cha mama aliyejifungua juzi. Hayo njo kazi ya kine.

Kupanda Kanyabayonga

Kule Kenya wamama walitembea juu ya mkanda ulio sawa. Sisi tunakaa mlimani, juu ya bonde la Rwindi. Anayejua mteremko wa Kabasha anajua kwamba hata gari linapumua kwa shida.

Watu wengine wa mlimani ambao walipimwa ni wachukuzi wa Nepal, huko Asia. Nao wanatumia kamba ya kipaji. Mwaka 2005 ilitangazwa kwamba wanaume wao walibeba kwa wastani asilimia 93 ya uzito wa mwili wao, na wanawake asilimia 66. Wanawezaje? Wanatembea polepole na wanapumzika mara nyingi sana njiani. Kwa hiyo, mama, ukimwona mwenzako ameegemeza mzigo kwenye ukingo wa njia, usimwambie ni mvivu. Anafanya kama wale waliozoea kuliko watu wote.

Haya ndiyo kine atakufundisha kwanza juu ya mzigo. Usiunyanyue ukiwa umeinama na miguu imenyooka. Chuchumaa karibu nao, uukumbatie karibu na mwili, halafu simama kwa nguvu ya miguu. Mwenzako akusaidie kuutwika na kuutua, kwa maana migongo mingi haiumii njiani, inaumia wakati wa kutwika. Usigeuke kiuno huku umebeba, geuza miguu. Ukishuka mteremko, piga hatua fupi. Na ikiwezekana, safari mbili za bidoni ndogo ni afadhali kuliko moja ya bidoni kubwa. Najua chemchemi ni mbali na wakati ni mfupi. Lakini kama kuna chukudu nyumbani, kwa nini chukudu inalala na mgongo wa mama unafanya kazi? Somo hili lisomwe mbele ya baba pia.

Ukiwa na mimba

Mwili wa mama mwenye mimba unalegeza viungo vya nyonga ili mtoto apate njia. Tumbo linavuta mbele, mgongo unapinda nyuma. Mzigo uliokuwa rahisi mwaka jana si rahisi tena, hata kama wewe ni yule yule. Punguza mizigo mizito, sana sana miezi ya mwisho.

Kupunguza mzigo si kulala kitandani. Shirika la Afya Ulimwenguni lilisema mwaka 2020 kwamba mama mwenye mimba isiyo na shida, na mama aliyejifungua, anafaa kujongeza mwili angalau dakika 150 kwa juma. Nikisoma hesabu hiyo mbele ya wamama wa shamba wanacheka, kwa maana wengine wanazimaliza siku ya kwanza kabla ya saa sita za mchana. Kwako mama wa shamba, shauri la kine ni kupumzika vizuri na kubeba vizuri. Lakini mama wa Butembo anayeketi dukani au kwenye mashine ya kushona kutoka asubuhi mpaka jioni, yeye anahitaji kutembea. Kutembea kunasaidia damu isipande na sukari isizidi.

Ukiona damu, au maji yametoka, au kichwa kinauma sana na macho yanaona giza, au mtoto hachezi tumboni, hapo usiende kwa kine. Njoo materniti mara moja, usiku au mchana.

Neno ambalo wamama wanaona haya kulisema

Mama mmoja alikuja kliniki kupima mtoto wake wa miezi minne. Alikaa mpaka wengine wote wametoka. Kiisha akasema polepole, "Nikikohoa, mukojo inatoka. Nikibeba bidoni, inatoka. Niliacha kwenda kanisani." Alifikiri ni yeye peke yake duniani. Kwenye benchi ile ile walikuwapo wengine wenye shida hiyo hiyo, kila mmoja amenyamaza.

Chini ya nyonga kuna nyama zinazofunga njia ya mkojo, njia ya uzazi na njia ya choo. Mimba inazilemea, uzazi unazivuta, na mizigo inaendelea kuzisukuma chini. Zinaweza kurudishiwa nguvu kama nyama za mkono. Fanya hivi: kaa au lala, kaza zile nyama kama unazuia mkojo na upepo pamoja. Usizuie pumzi, usikaze matako wala mapaja. Hesabu polepole mpaka 5, ulegeze, upumzike. Rudia mara 8. Fanya hivyo mara 3 kwa siku, kwa miezi 3. Hakuna atakayejua unafanya. Unaweza kufanya ukinyonyesha. Usijizoeshe kuyafanya wakati wa kukojoa. Wamama wengi wanachoka juma la pili kwa sababu hawajaona kitu. Nyama hazipati nguvu kwa juma mbili. Kine yuko hapo akuhakikishie kama unakaza mahali penyewe, kwa maana wengi wanakaza tumbo tu.

Kama unajisikia kitu kinashuka chini, pengine kizazi kinashuka. Njoo upimwe, mazoezi yanasaidia kikiwa kimeshuka kidogo. Lakini kama mkojo unatiririka mchana na usiku pasipo kukoma, tena baada ya uzazi uliokawia, huo ni ugonjwa mwingine. Kuna tundu ndani, na mazoezi hayafungi tundu. Linashonwa kwa operasyo. Usijifiche nyumbani miaka na miaka.

Mama aliyepasuliwa wakati wa kujifungua asibebe kitu kizito kuliko mtoto wake kwa majuma 6. Tunajua maisha hayakubali siku zote. Mwezi wa sita mwaka 2024, vita vilipofika Kanyabayonga, watu walikimbia kwa maelfu kuelekea Kayna, Kirumba, Lubero na Butembo. Mama aliyejifungua majuzi hakuulizwa kama jeraha limepona. Alifunga mtoto mgongoni, akatwika magodoro, akatembea. Kama wewe ulikuwa mmoja wao, na tangu siku zile tumbo au mgongo haujawa sawa, usiseme imepita. Mwambie mwuguzi, naye akutume kwa kine.

Maumivu mengine ya mgongo si ya kine kwanza. Ukiwa na homa na unakonda, au miguu inakufa ganzi na kukosa nguvu, au huwezi tena kuzuia mkojo au choo kwa ghafula, onana na docta siku ile ile.

Ikiwa hakuna kine

Kine anasomea kazi yake katika shule za juu, pale ISTM, kama wauguzi wanavyosomea yao. Ulimwenguni watu wa kazi hiyo wana chama chao tangu mwaka 1951, na tarehe 8 Septemba ni siku yao. Lakini vituo vingi vya afya vijijini havina kine hata mmoja, na pale alipo, pengine anakaa chumba cha nyuma akingojea waliovunjika mguu. Kwa maoni yangu hiyo ni hasara. Kidonge cha mgongo kinanunuliwa kila mwezi. Zoezi linafundishwa mara chache, na mama anakwenda nalo nyumbani.

Komite ya afya ya kata yenu, ile inayoitwa CODESA, ina wamama ndani yake. Waambieni walete ombi hili: kine aketi pamoja na mwuguzi siku ya kupima mimba, na tena siku ya kupima watoto, hata kama ni mara moja kwa mwezi. Kituo kisicho na kine kiombe wa hospitali kubwa awatembelee. Ombi likitoka kwa wamama wengi pamoja, ni vigumu kuliweka kwenye sanduku.

Siku utakayotumwa kwake, vaa nguo ambayo unaweza kuchuchumaa nayo, na uje na kikapu chako na kamba yako. Atataka kuona namna unavyoifunga.