MASHAURI KABLA YA KUUZA

Ndugu zetu, yafaa tuwatazame jirani zetu wa Kajiado. Kwa sheria ya mwaka 1968 Wamasai waliandikiwa ardhi kwa shirika. Na mwishoni mwa miaka ya 1980 uwanda wa Kitengela ukagawanywa, kila mtu na hati yake. Nyingi za hati hizo ziliandikwa majina ya waume. Nairobi i karibu, wanunuzi hawakukosekana. Wako waliouza ekari baada ya ekari, na mama wa nyumba asijue mpaka aone seng'enge yapita alipokuwa akilisha ndama. Kisha mvua zikakosekana misimu mitano mfululizo, tangu mwisho wa 2020 hata mwisho wa 2022. Ng'ombe wakafa kwa wingi, na palipokuwa malisho pana nyumba za mawe.

Wala tusiwacheke. Minazi yetu ya pwani haikwenda kwa njia nyingine.

Suratul Baqara, katika jambo la kumwachisha mtoto ziwa tu, imetaka baba na mama waridhiane na washauriane. Ikiwa ziwa la miaka miwili lina mashauri, je, shamba litakalolisha wajukuu?

Sheria ya Mali ya Ndoa ya mwaka 2013 yakataza kuuza mali ya ndoa ya mke mmoja bila ya ridhaa ya wote wawili, lakini imemwachia Mwislamu afuate sharia ya dini yake. Wengine hudhani hapo wamepewa ruhusa ya kuficha. Dhana mbovu! Mwenye kutaka kuuza na amwite mkewe na watoto waliobaleghe, waisome hati pamoja, ndipo amwite dalali.