Tujifunze: Kuchora Ramani ya Hifadhidata ya Maktaba

Katiba ya mwaka 2010, katika Jedwali la Nne, iliorodhesha maktaba miongoni mwa majukumu ya serikali za kaunti. Somo hili linawalenga wakutubi, walimu na vijana wanaotaka kuhamisha rekodi za maktaba kutoka daftarini hadi kwenye kompyuta.

Mwanafunzi anayetoka mashamba ya chai kwenda mjini kutafuta riwaya ya Nguu za Jadi hulipa nauli. Daftari likisema kitabu kipo ilhali rafu ni tupu, siku yake imepotea. Ndiyo maana tunachora kabla ya kununua programu. Mbinu yenyewe ilielezwa na Peter Chen mwaka 1976.

Hatua ya kwanza: taja huluki, yaani vitu vinavyowekewa rekodi. Hapa ni Mwanachama, Kitabu, Mwandishi, Nakala na Mkopo. Chora kila kimoja ndani ya kisanduku. Kitabu na Nakala ni vitu viwili tofauti: Nguu za Jadi ni kitabu kimoja, lakini maktaba yaweza kuwa na nakala tano. Anayeazima hubeba nakala.

Hatua ya pili: andika sifa za kila huluki, kisha uchague ufunguo, yaani sifa isiyojirudia. Jina halifai kuwa ufunguo. Akina Chebet na Kiplangat ni wengi kwetu, na Langat huandikwa pia Lang'at. Mpe kila mwanachama nambari yake, na kila nakala nambari yake. La sivyo, faini ya mmoja itamwangukia mwingine.

Hatua ya tatu: unganisha visanduku kwa mistari. Fikiria kituo cha kununulia chai: mkulima mmoja hupima majani mara nyingi, lakini kila risiti ni ya mkulima mmoja. Vivyo hivyo, mwanachama mmoja ana mikopo mingi, na kila mkopo ni wa mwanachama mmoja na nakala moja. Kitabu kimoja kina nakala nyingi. Mwandishi huandika vitabu vingi, na kitabu chaweza kuwa na waandishi kadhaa. Uhusiano huo wa wengi kwa wengi huhitaji jedwali la kati.

Hatua ya nne: ujaribu mchoro kwa swali. Je, nakala ipi iko rafuni sasa? Ni ile ambayo haijapotea, na ambayo haina mkopo usio na tarehe ya kurudishwa. Kwa hivyo Nakala inahitaji sifa ya hali, na Mkopo unahitaji tarehe ya kutoka na ya kurudi.

Mwisho, Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inataka ukusanye taarifa zinazohitajika tu. Kwa watoto, pata idhini ya mzazi au mlezi.

Anza kwa penseli na karatasi. Kosa la kwenye karatasi hufutika kwa urahisi.