Martino, Mkatekumeni Aliyekata Joho Lake

Ninyi mnaojitayarisha kwa Ubatizo, labda mwawaza: kusaidia maskini ni kazi ya waliokwisha kubatizwa. Sikilizeni basi habari za Mtakatifu Martino.

Katika karne ya 4 alikuwa askari wa Roma huko Galia, nchi iitwayo leo Ufaransa, naye hajabatizwa bado. Wakati wa baridi kali, penye lango la mji wa Amiens, alimwona maskini aliye uchi. Watu walimpita tu. Martino hakuwa na kitu ila silaha zake na joho. Mengine alikwisha kuyagawa. Akalikata joho kwa upanga, akampa nusu. Wengine wakamcheka, maana alibaki amevaa kipande.

Hatusikii kwamba alimwuliza kwanza kama ni mvivu, au ni wa kabila gani. Sisi twauliza hayo mpaka jua linakuchwa.

Usiku ule alimwona Yesu katika ndoto, amevaa nusu ile, akiwaambia malaika kwamba aliyemvika ni Martino, angali mkatekumeni. Baadaye akabatizwa, mwaka 371 akawa Askofu wa Tours.

Maulizo: Katika kijiji chenu ni nani asiye na mtu wa kumchotea maji? Ulifika kwake lini?