Nguo za safari ya Umra: Familia ifungashe nini?



Likizo za shule zinapokaribia, familia nyingi hujiandaa kwenda Umra: baba, mama, watoto, na mara nyingine bibi naye huchukuliwa. Viza na tiketi hushughulikiwa mapema. Ama nguo, hizo husubiri usiku wa mwisho. Kila mmoja hutupia begini anachokiona mbele yake, na matokeo yake begi huwa zito lakini kinachohitajika hakimo.

Wapo wanaodhani kuwa suala la nguo ni la mapambo tu. Sivyo. Katika Suratul Nahl, aya ya 81, Allah (s.w.) anataja miongoni mwa neema Zake mavazi yanayotukinga na joto. Na katika Suratul Baqara, aya ya 197, mahujaji wanaagizwa wachukue masurufu ya safari, huku wakikumbushwa kuwa bora ya masurufu ni ucha Mungu. Basi kufungasha vizuri ni sehemu ya kujiandaa kwa ibada. Mtu aliyechubuka mapaja siku ya kwanza, au aliyetoka malengelenge nyayoni, huishia kuswali chumbani hotelini ilhali Msikiti Mtukufu uko hatua chache tu.

Joto la Makka si joto la pwani

Sisi tuliozoea joto la Dar es Salaam, Tanga au Mombasa hujiona kuwa joto halitutishi. Tujihadhari. Joto la kwetu lina unyevu, na jasho hutiririka tukaliona. Makka hewa ni kavu mno, jasho hukauka mara tu linapotoka, na mtu hupoteza maji mengi mwilini bila kujua. Miezi ya Juni na Julai joto la mchana huvuka nyuzi 40. Katika Hijja ya mwaka 2024 lilivuka nyuzi 50, na serikali ya Saudi Arabia ilitangaza kuwa watu 1,301 walifariki. Wengi wao walikuwa hawana vibali, wakitembea masafa marefu juani bila ya kivuli. Allah awarehemu.

Upande wa pili, usiku wa Januari mjini Madina una baridi ya kweli, na viyoyozi vya hoteli, mabasi na ndege huwa vikali mwaka mzima. Kwa hiyo familia inahitaji nguo za joto na baridi kwa pamoja. Njia nzuri ni nguo nyepesi zinazovaliwa moja juu ya nyingine, zikavuliwa na kuongezwa kadiri ya hali. Koti moja zito halisaidii sana.

Kitambaa na upana

Chagueni pamba. Pamba hunywa jasho na kupitisha hewa. Vitambaa vya nailoni na poliesta hufungia jasho mwilini, na hapo ndipo huanza harara, fangasi za mapajani na kwapani, pamoja na harufu. Rangi nyeupe na nyinginezo za kung'aa hupokea joto kidogo la jua, na Mtume (s.a.w.) alihimiza mavazi meupe.

Dada mwenye baibui jeusi asitaharuki. Mwaka 1980 jarida la kisayansi la Nature lilichapisha utafiti juu ya Mabedui wanaovaa majoho meusi jangwani. Ilionekana kuwa joto linalofika mwilini ni lile lile, joho liwe jeusi au jeupe, kwa sababu joho pana hupitisha hewa ndani yake na joto la ziada huondoka kabla ya kufika kwenye ngozi. Siri basi iko katika upana. Baibui la kubana lenye kitambaa cha plastiki ndilo la kuliacha nyumbani.

Kila mtu na nguo zake

Kwa safari ya siku 10 hadi 14, hesabu ifuatayo inatosha, kwa sharti la kufua kila baada ya siku mbili au tatu. Hewa ya huko ni kavu, na nguo nyepesi iliyofuliwa usiku asubuhi huwa tayari.

Baba: ihramu jozi mbili, kanzu tatu, fulana za pamba nne, nguo za ndani sita, vikoi viwili na sweta jepesi. Ihramu za taulo nzito huchosha wakati wa joto, ni bora za pamba nyepesi. Wapo wanaoamini kuwa ihramu haibadilishwi mpaka Umra iishe. Hilo si sahihi, inafaa kuibadilisha na kuifua ikichafuka. Kwa kuwa aliye katika ihramu havai nguo ya kushonwa, mapaja husuguana, hasa kwa mnene. Achukue mafuta ya mgando yasiyo na manukato, pamoja na sabuni isiyo na manukato. Kofia haruhusiwi wakati huo, lakini mwavuli hauna tatizo.

Mama: mabaibui matatu mapana, mitandio ya pamba minne, suruali ndefu nyepesi za kuvaa ndani nne (hizi huzuia michubuko na humsitiri akijikwaa kwenye msongamano), soksi za pamba jozi nne, nguo za ndani saba na sweta. Asisahau pedi za kutosha hata kama siku zake bado, kwani safari huweza kubadilisha mpangilio. Akiwa katika ihramu havai nikabu wala glavu.

Watoto: wao huchafuka haraka, waongezewe seti mbili juu ya hesabu ya mkubwa. Wanapokwenda msikitini wavalishwe rangi moja inayoonekana kwa mbali, na ndani ya kola iandikwe namba ya simu ya mzazi. Mtoto mdogo anayehirimishwa atafutiwe shuka za kimo chake, na hukumu zake aulizwe sheikh wa msafara.

Kanga nazo msiziache. Kanga pea mbili ni shuka kwenye ndege, ni sitara ya kubadilishia nguo, ni ya kunyonyeshea, ni ya kutandika mkisubiri basi. Ikilowekwa maji na kuwekwa shingoni, hupoza mwili kwa haraka.

Viatu: hapa wengi huumia

Baina ya Safa na Marwa peke yake, mizunguko saba ni takriban kilomita tatu. Ongeza kutufu, na safari za hotelini na msikitini mara tano kwa siku. Kiatu kipya kisianziwe huko. Kinunuliwe mapema na kivaliwe angalau wiki mbili kabla. Kila mmoja awe na makubadhi au ndara laini zisizofunika vifundo vya miguu, na kandambili za bafuni. Achukue pia kimfuko cha kitambaa cha kutia viatu vyake msikitini. Viatu vilivyoachwa mlangoni mara nyingi havipatikani, na mwenyewe hulazimika kutembea pekupeku.

Kwa mwenye kisukari, hili si jambo dogo. Chukua mfano wa bibi ambaye nyayo zake zimepungua hisia. Akikanyaga lami ya saa saba mchana hasikii kuwa anaungua, hujua jioni anapokuta ngozi imevimba. Kidonda hicho huchelewa kupona na kinaweza kumpotezea mguu. Asitembee pekupeku nje hata hatua kumi, avae soksi ndani ya msikiti, na kila usiku mtoto au mjukuu amkague nyayo kwa tochi.

Namna ya kufungasha

Msimtengee kila mtu begi lake. Changanyeni, nusu ya nguo za kila mmoja ziwe begi hili na nusu begi lile, ili begi moja likichelewa asipatikane wa kukosa nguo. Katika begi la mkononi wekeni dawa zote, seti moja ya nguo kwa kila mtu, na ihramu. Wanaoshukia Jeddah hupita miqati wakiwa angani, na ihramu iliyo tumboni mwa ndege haitawafaa. Wanaoanzia Madina, wao huhirimia Dhul-Hulayfa. Nguo mpya zifuliwe kwanza, na acheni nafasi ya kurudi na tende.

Kisha fanyeni jaribio. Wiki moja kabla ya safari, familia nzima ivae nguo na viatu hivyo, mtembee mtaani kwa saa nzima. Panapobana, panapochoma au panapochubua patajulikana hapo, na fundi cherehani yuko jirani.

Mwisho, jueni dalili. Mwenzenu akilalamika kichwa, kizunguzungu au misuli kukaza, mpelekeni kivulini, mlegezeeni nguo, mmwagieni maji na mpeni anywe kidogo kidogo. Akianza kuzungumza ovyo au kupoteza fahamu, msimnyweshe kitu. Endeleeni kumpoza huku mkiita msaada wa hospitali mara moja, kwani hapo maisha yake yako hatarini.

Allah azikubalie Umra zenu na awarudishe nyumbani mkiwa wazima. Wabillahi tawfiiq.